Swali la Pili: Kumwandaa Mwanafunzi wa Sekondari kwa Shindano la Kuzungumza Kirusi

Mwanafunzi anapoingia kwenye chumba cha majaji, swali la kwanza huwa analijua. Unaitwa nani, unatoka wapi, mko wangapi nyumbani, unapenda somo gani. Ameulizwa hayo darasani mpaka yamemchosha, na atayajibu bila kigugumizi. Shindano lenyewe linaanza kwenye swali la pili, lile ambalo jaji analitunga papo hapo kutokana na jibu alilolisikia. Umesema mama yako analima viazi: anavipanda lini? Nani humsaidia? Wewe mwenyewe unapenda shamba? Wengi hunyamaza hapo. Maneno wanayo, ila hakuna aliyewahi kuwauliza kitu wasichokitegemea. Ndiyo maana karibu maandalizi yangu yote huelekea huko, kwenye swali la pili na la tatu.

Nafundisha Baiolojia katika sekondari moja hapa Mbeya, na Jumamosi mchana nasimamia klabu ya Kirusi ya kidato cha tano na cha sita. Kirusi nilikipata Voronezh, mji wa Urusi, kwenye kitivo cha maandalizi, ambako mwanafunzi wa kigeni hukaa mwaka akijifunza lugha kabla ya kuanza masomo ya chuo. Baadhi ya vijana wangu wanautaka ufadhili wa serikali ya Urusi, wengine lugha imewavutia tu. Nawaandaa wote kwa njia moja, na nawaandikia walimu wenzangu walioko Tukuyu, Njombe, Mafinga au Songea ambao wana vijana watano au kumi, ubao, chaki na simu moja. Vinatosha.

Mashindano haya hayafanani kwa kila kitu, lakini mifupa yake ni ileile. Olimpiada ya kuzungumza Kirusi ambayo chama cha walimu wa Kirusi cha Marekani, ACTR, huwaandalia wanafunzi wa sekondari wa huko ina mazungumzo ya maisha ya kila siku, maswali ya utamaduni wa Urusi, kusoma maandishi mafupi na kuyajadili, na kukariri shairi. Ukimwandaa kijana kwa hayo manne, popote atakapopelekwa hatakuta kigeni. Omba kanuni mapema ujue dakika ni ngapi na kiwango ni kipi, halafu anza. Miezi mitatu ni muda mzuri kwa mwanafunzi ambaye tayari anasoma herufi na kujitambulisha.

Sauti

Herufi za Kirusi ni 33, na kijana wa kidato cha tano anazimaliza ndani ya wiki moja au mbili. Zinazomsumbua ni zile zinazofanana na zetu kwa sura tu: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u, Х ni kh. Hati ya mkono ya Kirusi iache kabisa kwa sasa. Ina uzuri wake, lakini inakula muda, na hakuna jaji wa kuzungumza atakayemwomba mtu aandike.

Muda huo uweke kwenye mkazo. Kiswahili kimetuzoesha kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, neno baada ya neno, na mwanafunzi anaibeba tabia hiyo moja kwa moja hadi kwenye Kirusi. Mkazo wa Kirusi hukaa popote, na usipokazwa mahali pake neno linageuka. Mfano wangu wa kila mwaka ni ugali. Lazima utaulizwa mnakula nini kwenu, na jibu zuri ni «густая каша из кукурузной муки», uji mzito wa unga wa mahindi. Neno la mwisho likitamkwa muKI, ni unga. Likitamkwa MUki, ni mateso, na mtoto amewaambia majaji kwamba kwao wanakula uji wa mateso ya mahindi. Kwa hiyo kila neno jipya linaandikwa ubaoni na alama ya mkazo juu yake, na darasa zima linalitamka huku likipiga meza kwenye silabi hiyo. Neno lisilo na alama ya mkazo halinakiliwi kwenye daftari. Hiyo kwangu ni sheria.

Mkazo una jambo la pili. Herufi o isiyokazwa husikika kama a, hivyo хорошо ni kharaSHO na молоко ni malaKO. Sisi tumezoea kusoma kilichoandikwa, na mwanafunzi atasema «khorosho» kama anayetaja korosho mpaka umrekebishe mara nyingi. Mrekebishe kila mara, kwa upole, bila kumkatisha sentensi. Rudia neno sahihi mwishoni naye alirudie.

Halafu kuna l na r. Vijana wengi wa nyanda zetu hizi huzichanganya kwa sababu ya lugha za nyumbani, na kwenye Kiswahili watu wanawavumilia. Kirusi hakivumilii. рис ni mchele, лис ni mbweha. Mtoto wa Kyela akitaka kusema kwao mchele unastawi, lazima r yake iwe r. Mimi huwapa jozi kama hizo na kumweka mmoja kaunta ya duka la kufikirika: mwenzake anaagiza kwa sauti, na muuzaji anatoa kile alichokisikia, siyo kile anachodhani kimekusudiwa. Dakika tano za mchezo huo kila kipindi zinafanya kazi kuliko hotuba kuhusu ulimi.

Konsonanti zinazofuatana ni shida ya kila Mswahili. Tunapachika irabu katikati bila kujua. взрослый linakuwa «vuzurosili». Lijenge kutoka nyuma: лый, kisha рослый, kisha взрослый, kila hatua mara kadhaa mpaka ulimi uzoee. Wakumbushe pia kwamba tayari wanaanza maneno na konsonanti mbili au tatu: мне, yaani «kwangu mimi», huanza karibu kabisa na mnyama, ila m isivutwe. Kwa ile ы inayoogopwa, mwambie aseme u, kisha bila kusogeza ulimi aitandaze midomo kama anayetabasamu. Wengi huipata siku hiyohiyo. Sauti ya нь wanayo tangu utotoni, ni ny ya nyanya. Sauti ya х wanayo wale wanaotamka vizuri jina Khamisi.

Mazoezi ya swali la pili

Hapa ndipo ninapokaa zaidi, na ningependa na wewe ukae hapa.

Wagawe watatu watatu. Mmoja anasema sentensi moja ya kweli kuhusu maisha yake. Wa pili anauliza swali linalotumia neno lililomo kwenye sentensi hiyo. Wa tatu haongei, kazi yake ni kusikiliza ukimya. Ukipita muda wa kuhesabu moja hadi tano kimoyomoyo, anainua mkono na zamu inabadilika. Maneno ya kuulizia yako ubaoni: кто, что, где, куда, откуда, когда, почему, сколько, какой. Hayafutwi muhula mzima.

Nikuonyeshe linavyokwenda. Msichana mmoja wa kidato cha tano kutoka Njombe alisema: «Моя мама выращивает картошку». Mama yangu analima viazi. Sentensi safi, na angeachwa angeendelea na aya aliyoikariri kuhusu familia. Mwenzake akauliza: «Когда она сажает картошку?» Anapanda lini? «В ноябре». Mwezi wa kumi na moja. «Почему в ноябре?» Kwa nini? Hapo msichana akatazama juu. Alijua jibu, kila mtoto wa Njombe analijua. Neno la mvua alikuwa nalo, дождь. La kuanza alikuwa nalo. Nikamwacha, maana ukimpa jibu mapema unamwibia. Akasema: «Потому что... начинаются дожди». Kwa sababu mvua zinaanza. Sentensi ile hakuikariri popote. Aliitengeneza mwenyewe, mbele ya macho yetu, na kuanzia siku hiyo alikaa kwenye kiti kwa namna nyingine.

Kwa hiyo mada zitoke nyumbani kwao. Vitabu vya Kirusi vimejaa metro, theluji na mikate ya huko, na mtoto atajifunza kusema kwamba anapanda metro kwenda shule jambo ambalo si kweli, kisha jaji atauliza metro ipi. Aseme daladala, aseme anatembea kutoka Iyunga, aseme baba ni fundi Mwanjelwa. Kitu kisicho na jina la Kirusi akieleze. Bajaji ni «это как такси, но у него три колеса», ni kama teksi lakini ina magurudumu matatu. Kueleza kitu usichojua jina lake ni ustadi unaofundishika: tundika mfuko mlangoni, weka ndani yake mwiko, ungo, kibatari, jembe, na kila mmoja atoe kimoja na akieleze bila kukitaja. Jaji mzuri hufurahia maelezo ya namna hiyo kuliko neno gumu lililochomolewa kwenye kamusi.

Na wape maneno ya kuwavusha wanapokwama, yakae mdomoni kama salamu. «Повторите, пожалуйста» (pavtaRItye, paZHAlusta), rudia tafadhali. «Дайте подумать» (DAitye paDUmat), niache nifikirie. «Я не знаю этого слова, но...», neno hilo silijui, lakini... Kumwomba jaji arudie swali si udhaifu. Wanafunzi wetu wamelelewa kuona kwamba kumwambia mkubwa «sijasikia» ni utovu wa adabu, hivyo wanatikisa kichwa na kujibu kitu kingine kabisa. Waeleze wazi kwamba pale kwenye meza, kuomba arudie ndiyo adabu.

Wavulana wangu nina neno lao. Kitenzi cha wakati uliopita hubadilika kwa jinsia ya msemaji: mwanaume aliyeelewa husema «я понял», mwanamke «я поняла». Mimi ni mwanamke, na kwa kuwa wananisikia mimi siku zote, wavulana huokota поняла, была, читала kama zilivyo. Kama na wewe ni mwalimu wa kike, tafuta sauti ya mwanaume kwenye rekodi, na kila kitenzi cha wakati uliopita wakitamke kwa makundi mawili. Mwalimu wa kiume ana kazi hiyohiyo kwa wasichana.

Sarufi inayolipa

Nomino ya Kirusi hubadilisha mwisho wake kwa hali sita, na ukitaka zote zikamilike ndipo mtoto aanze kuongea, shindano litapita. Wenye ngeli hawapaswi kuogopa upatanisho. Anayesema mtu mzuri, kitu kizuri, nyumba nzuri bila kufikiri, ataelewa haraka kwa nini ni хороший человек, хорошая книга, хорошее окно. Jinsia ni tatu tu, na mara nyingi mwisho wa neno unakuonyesha ni ipi.

Anza na mahali, kwa sababu kila mazungumzo yanapita hapo. Majina ya kwetu yanayoishia na a hubadilika: Mbeya ni Мбея, naishi «в Мбее», natoka «из Мбеи»; Iringa ni Иринга, «в Иринге», «из Иринги»; Kyela vivyo hivyo. Tukuyu, Njombe na Makete hayabadiliki. Kila mwanafunzi ajue jina la kwao linafanyaje, kwa sababu atalitaja ndani ya dakika ya kwanza. Pamoja na hilo kuna «wapi». Kiswahili hutumia neno moja: unaishi wapi, unaenda wapi, unatoka wapi. Kirusi kina где, куда na откуда, na mwanafunzi asiyezitofautisha atajibu swali ambalo hakuulizwa.

Vitenzi vya mwendo vipe vipindi viwili au vitatu. идти ni kwenda kwa miguu, ехать ni kwenda kwa chombo. Kijana akisema «Я иду в Дар-эс-Салам», jaji atamuuliza «Пешком?», kwa miguu? Na ni haki yake kuuliza.

Umri ni jambo dogo lenye mtego. Mwenye miaka 17, 18, 19 au 20 husema лет. Mdogo wake wa miaka 3 ana года, na kaka wa miaka 21 ana год. Wafanyie mazoezi na umri wa ndugu zao halisi, basi.

Saa na siku za wiki usiziache hata kidogo. Mwanafunzi anapoambiwa aseme saa mbili asubuhi, kichwani anaona mbili, na ulimi unasema «два часа», ambayo kwa Mrusi ni saa nane. Saa mbili asubuhi ni «восемь часов утра». Wakati wa Moscow na wakati wetu ni mmoja, hivyo waambie: mishale ya saa ukutani inaonyesha vilevile, soma namba ambayo mshale unaigusa. Wiki nayo inahesabiwa kutoka Jumatatu. вторник ina «pili» ndani yake, na mtoto anaruka moja kwa moja kwenye Jumapili, kumbe ni Jumanne. пятница ina «tano», anasema Jumatano, kumbe ni Ijumaa. Nimeona kijana hodari akipanga wiki yake yote kwa siku zisizokuwapo, kwa ufasaha mkubwa, na hakuna kitu kingine kilichokuwa kibaya. Chora wiki mbili ubaoni, yetu inayoanza Jumamosi na yao inayoanza понедельник, na muulize ratiba kwa kasi: siku gani una Kemia, siku gani mnafua, siku gani mnaenda ibadani.

Maandishi ya kusoma na kujadili hayana siri kubwa. Mpe nusu ukurasa, asome kimya, kisha afunge. Nani, wapi, lini, kimetokea nini, wewe ungefanyaje. Usimruhusu kutafsiri mstari kwa mstari, maana hakuna atakayemwomba tafsiri, na mazoea hayo yanamfanya akwame kwenye neno moja asilolijua huku habari nzima anaielewa.

Shairi

Chagua fupi. Lile la Pushkin la mwaka 1829 linaloitwa «Я вас любил», yaani «Nilikupenda», lina mistari minane, maneno yake mengi mwanafunzi anayajua, na linasikika vizuri kwenye sauti ya kijana. Kwa mwenye uwezo zaidi yupo Pushkin huyohuyo na «Зимнее утро», la mwaka uleule, lenye baridi na jua la asubuhi. Mtoto wa Makete, aliyekulia karibu na Kitulo na anayeijua sakitu ya mwezi wa sita kwenye majani, huliingia shairi hilo bila kuelezwa mengi.

Hakuna kukariri kabla ya kuelewa. Kwanza wanieleze kwa Kiswahili ni nani anasema na anamwambia nani. Kisha mkazo, kisha pumzi: weka alama ya mkwaju (/) pale anapovuta hewa. Halafu kuna suala la ngonjera. Vijana wetu wamezoea kupaza sauti, kunyoosha mikono na kwenda kwa mapigo yanayofanana kila mstari. Inapendeza uwanjani siku ya mahafali. Kwa shairi la Kirusi mbele ya majaji wawili au watatu walioketi mita mbili kutoka kwako, mikono itulie na sauti iwe ya mtu anayemwambia mwenzake jambo. Mpangie akariri kwa mtu mmoja, akimtazama machoni, kabla ya kukariri kwa darasa.

Msichana anayelikariri shairi la mwanaume asibadilishe kitenzi. Nimewafundisha kwa miezi waseme поняла na была, kwa hiyo wanataka kugeuza любил kuwa любила. Hapana. Shairi linabaki kama lilivyoandikwa.

Na swali la pili lipo hata hapa. «Почему Пушкин?» Kwa nini umemchagua? Awe na jibu lake mwenyewe. Anaweza kusema kwamba Pushkin, aliyezaliwa 1799 na kufa 1837 kwa jeraha la duelo, pambano la bastola la watu wawili, alikuwa kitukuu cha Abram Gannibal, mtoto wa Kiafrika aliyefikishwa Urusi enzi za Petro Mkuu na akapanda hadi cheo cha jenerali. Anaweza kuongeza kwamba tarehe 6 Juni, siku aliyozaliwa Pushkin, Umoja wa Mataifa huiadhimisha kuwa siku ya lugha ya Kirusi. Lakini kama sababu yake ya kweli ni kwamba mstari wa mwisho unamgusa, aseme hivyo. Majibu ya kweli huzaa mazungumzo.

Utamaduni, kupitia kwetu

Orodha za wafalme na tarehe hazikai. Kinachokaa ni kile ambacho mtoto anaweza kukishikiza kwenye jambo analolijua. Baikal ndilo ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani, mita 1,642. La pili ni Tanganyika, letu, mita 1,470. Mwanafunzi akiyasema hayo mawili kwa pamoja, jaji atauliza kama amefika Tanganyika, na mazungumzo yameshaanza. Reli ya Moscow hadi Vladivostok ina kilomita 9,288. Sisi tuna TAZARA inayopita hapa Mbeya, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kijana aliyewahi kulala ndani ya treni hiyo ana mengi ya kusimulia: dirisha, chai, majirani wa behewa. Mtoto wa Mbozi aeleze kimondo chake cha chuma. метеорит ni neno rahisi, na majaji wanakikumbuka kimondo cha Chelyabinsk cha tarehe 15 Februari 2013. Gagarin, mtu wa kwanza kwenda anga za juu, wote wamjue: 12 Aprili 1961, dakika 108. Na wajue chakula cha huko kwa majina, борщ, пельмени, блины, ili wakiulizwa kipi wangependa kuonja wasiseme ugali.

Adabu ya kuita watu ni sehemu ya utamaduni, tena muhimu. Mrusi mkubwa huitwa kwa jina lake na jina linalotokana na la baba: mtoto wa kiume wa Ivan ni Ивáнович, wa kike ni Ивáновна. Mkubwa haitwi ты, «wewe» ya watu wa karibu, anaitwa вы, ile ya heshima. Vijana wanaoamkia shikamoo hawana shida na wazo hilo, wanahitaji mazoezi ya ulimi tu. Majina ya majaji yakitangazwa mlangoni, mwanafunzi ayanong'one mara tatu kabla hajaingia. Na jaji akimuuliza отчество yake, yaani jina hilo la baba, ajibu kwamba kwetu haipo, kisha aseme baba yake anaitwa nani na jina lingekuwaje kwa Kirusi. Akiwa mtoto wa Petro, atasema Петрович au Петровна, na wote watafurahi.

Wiki ya mwisho na safari

Wiki ya mwisho hakuna kipya. Rekodi kila mmoja kwa simu yako, kwa kuwa shuleni simu hawaruhusiwi, akizungumza dakika nne na mtu ambaye hajawahi kumfundisha. Mwalimu mwenzako asiyejua Kirusi anaweza kusoma maswali uliyomwandikia kwa herufi zetu. Lengo ni sura ngeni na sauti ngeni. Sikilizeni rekodi pamoja, na kila mmoja ataje jambo moja la kurekebisha. Moja. Ukimtajia kumi atakwenda na hofu kumi.

Shindano likiwa kwa njia ya video, jaribu mtandao chumba kilekile, saa ileile, na mpeleke mtoto karibu na dirisha ili uso uonekane. Likiwa Dar es Salaam, safiri siku moja kabla. Ni zaidi ya kilomita 800, na kijana aliyezoea baridi ya Mbeya akishuka kituo cha mabasi cha Magufuli usiku kwenye joto lile anahitaji kulala vizuri. Njiani msiwape karatasi za kusoma, zitawatia kichefuchefu Kitonga. Waulizeni wanachokiona. Makambako, unauzwa nini pale? Mikumi, ni mnyama gani yule? «Слон!» Wakubwa au wadogo, wangapi, wanaenda wapi? куда, siyo где.

Wakitoka chumba cha majaji, usiwaulize wamepata ngapi. Waulize wameulizwa nini. Wape daftari waandike maswali yote wanayoyakumbuka, hasa lile la pili na la tatu, kabla hayajafutika, kwa Kiswahili kama Kirusi chake kimewatoka. Daftari hilo mlirudishe Mbeya. Jumamosi inayofuata, wa kidato cha tano wataanza nalo.